Sura ya Saba: Je, Gari Hili ni Feki?

Mwonyeshe mtu picha ya Jaguar D-Type ya kijani, lile gari la mbio lenye pezi refu nyuma ya kichwa cha dereva. Kisha mwambie kwamba limejengwa juzi juzi tu kwenye karakana ndogo ya Uingereza, na bodi yake yote imegongwa kwa mkono. Swali la kwanza litakuwa: kwa hiyo ni feki? La pili litakuja kabla hujajibu la kwanza: kama ni feki, mbona linauzwa bei ya nyumba?

Maswali haya ni ya haki. Tunaishi na feki kila siku: pedi za breki zenye boksi zuri na malighafi ya ovyo ndani, plagi zinazokufa kabla ya mwezi, tairi kuukuu zilizochongwa upya mistari. Feki hizo zimeua watu barabarani. Anayeuliza hastahili kuchekwa, na anayejibu inampasa ajibu kwa uangalifu.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Nakala ni gari jipya lililojengwa kufuata umbo na vipimo vya gari la zamani, na mara nyingi kwa ufundi ule ule wa zamani. Feki ni nakala inayodai kuwa ndiyo lile gari la zamani lenyewe. Gari moja, bila kuguswa hata skrubu, linaweza kuwa nakala leo na feki kesho, mwenye gari akibadilisha tu maelezo anayompa mnunuzi.

Nakala zenyewe haziko daraja moja. Utakazokutana nazo ni hizi:

- Nakala ya sura. Kwa nje inafanana na gari la zamani, lakini bodi ni ya fiberglasi, yaani plastiki iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo, na chini yake kuna vipuri vya gari la kawaida.
- Nakala ya ufundi. Bodi ni ya alumini iliyogongwa kwa mkono, chesisi imefuata michoro ya zamani, na vipuri vingi vimetengenezwa upya kimoja kimoja.
- Gari la mwendelezo. Hili linajengwa na kampuni ile ile iliyojenga la kwanza, miongo mingi baadaye, mara nyingi kwa hoja kwamba inamalizia idadi iliyokatizwa zamani.

Sura hii inashughulika zaidi na aina ya pili na ya tatu, kwa sababu huko ndiko swali la feki linakokuwa gumu kweli.

Magari machache, wapenzi wengi

Gari la mbio lilitengenezwa ili lishinde, kisha litupwe au liuzwe kwa bei ya hasara pale teknolojia mpya inapofika. Hakuna aliyefikiria kwamba miaka 70 baadaye watu wangeyatafuta magari haya kama lulu. Ndiyo maana yamebaki machache.

Chukua Bentley. Kampuni hii ilishinda mbio za Le Mans za Ufaransa, ambazo gari hukimbizwa kwa saa 24 mfululizo, mara tano katika enzi zake za kwanza: 1924, kisha kila mwaka kuanzia 1927 hadi 1930. Dereva mmoja wa timu hiyo, Tim Birkin, aliona ushindani unazidi kuwa mkali, akataka injini ya lita 4.5 ifungwe supachaja. Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe ili kusukumia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi yaungue na nguvu iongezeke. Mwanzilishi wa kampuni, W. O. Bentley, alipinga. Yeye aliamini ukitaka nguvu zaidi, jenga injini kubwa zaidi. Birkin hakukubali. Alipata fedha kwa Dorothy Paget, mwanamke tajiri aliyependa magari na farasi, akafungua karakana yake Welwyn, kaskazini mwa London. Huko likazaliwa gari linaloitwa Blower, lenye supachaja inayojitokeza mbele kabisa, chini ya radiata.

Yalijengwa machache ya mbio, na mengine 50 ya kuuza ili masharti ya mashindano yatimizwe. Blower halikuwahi kushinda Le Mans. Lilikimbia kwa kasi ya kutisha, likanywa mafuta kupita kiasi, na likaharibika. Hata hivyo mwaka 1932 Birkin alilizungusha toleo lake la kiti kimoja kwenye uwanja wa Brooklands kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa, rekodi ya uwanja huo wakati ule. Waingereza wanalipenda hadi leo kuliko Bentley zilizoshinda.

Fedha zilizoiweka Bentley hai zilitoka Afrika. Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni tangu 1926 na mshindi wa Le Mans mara tatu mfululizo, alirithi utajiri wa baba yake, Barney Barnato, aliyetajirika kwa almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Waliozichimba almasi hizo walikuwa vibarua Waafrika waliofungiwa kambini wasitoke mpaka mkataba uishe. Napenda jambo hili liandikwe kila magari haya yanaposifiwa. Vitabu vingi huishia kwenye miwani na skafu za madereva.

Jaguar ya Coventry ina historia yake. C-Type ilishinda Le Mans 1951 na 1953, ile ya pili ikiwa na breki za diski wakati wapinzani wengi wakitumia breki za ngoma. D-Type ikafuata, ikashinda 1955, 1956 na 1957. Umbo lake lilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka kwenye kazi ya kubuni ndege, na sehemu ya katikati ya gari ilijengwa kama tumbo la ndege: mabati ya alumini yaliyoungwa yakabeba mzigo yenyewe bila kutegemea chesisi nzito. Jaguar ilipanga kujenga D-Type 100 ikaishia 75. Baadhi ya zile zilizobaki bila mnunuzi zilianza kugeuzwa kuwa gari la barabarani liitwalo XKSS, 25 kwa hesabu. Usiku wa tarehe 12 Februari 1957 kiwanda cha Browns Lane kikashika moto. XKSS 16 zilikamilishwa, 9 hazikukamilika kamwe.

Mwaka 2016 D-Type iliyoshinda Le Mans ya 1956 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 21.78. Ukiwa na gari la bei hiyo, utaliingiza kwenye kona kwa kasi huku gari la mwenzako likikukaribia ubavuni? Wapo wanaothubutu. Wapo pia wanaolifungia la asili ghalani na kwenda uwanjani na nakala.

Bati bapa linavyopata mgongo

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, maana watu wengi wanaodharau nakala hawajawahi kuona kazi yake.

Fundi huanza na kiunzi. Ni umbo la gari lililotengenezwa kwa mbao, mbao moja baada ya nyingine zikisimama kufuata mkunjo wa bodi, kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye gari la asili au kwenye michoro. Kiunzi hakigongwi. Kazi yake ni kupimia: bati likilazwa juu yake, mwanga ukipenya kati ya bati na mbao, bado.

Bati lenyewe ni alumini ya unene wa milimita moja na nusu hivi. Hukatwa vipande, kwa sababu bonde na mlima wa bodi ya D-Type hauwezi kutoka kwenye kipande kimoja. Fundi hulaza kipande juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akakigonga kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo. Kila pigo linasukuma alumini chini na kuitanua. Baada ya dakika chache kipande kinaonekana kimeharibika kabisa, kina vishimo na mikunjo kila mahali. Aliyewahi kusimama Kamukunji, Nairobi, akamtazama fundi akitoa sufuria kwenye bati bapa, hatashangaa. Kazi ni ile ile mpaka hapa.

Kisha alumini inagoma. Metali hii ikigongwa sana hukakamaa, na ukiendelea inapasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto. Tatizo ni kwamba alumini, tofauti na chuma cha pua au chuma cheusi, haibadiliki rangi inapopata joto. Haiwi nyekundu ikakuonya. Ikifika nyuzi 660 inayeyuka tu, ghafla, na kazi ya siku nzima inadondoka sakafuni. Mafundi wa Uingereza walipata jawabu ambalo bado linatumika: sabuni ya mche. Unachora mistari ya sabuni juu ya bati, unapitisha moto wa gesi upande wa pili, unaitazama sabuni. Ikigeuka kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, unaondoa moto. Joto limetosha kulainisha na halijatosha kuyeyusha.

Baada ya hapo bati linaenda kwenye gurudumu la Kiingereza. Ni mashine isiyo na mota: fremu kubwa ya chuma yenye umbo la herufi C, mdomoni mwake magurudumu mawili ya chuma yanayogusana. La juu ni kubwa na bapa, la chini ni dogo na lenye tumbo kidogo. Fundi hupitisha bati katikati, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akisogea upana wa kidole kila mara. Mgandamizo hutanua alumini pale lilipopita gurudumu, vishimo vya nyundo hulainika, na bati linaanza kupata mgongo. Kukaza kidogo zaidi kunaongeza mkunjo. Kupita mara nyingi mno mahali pamoja kunaleta uvimbe ambao kuutoa ni kazi kuliko kuanza upya. Fundi mzuri hufumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati. Kiganja hugundua wimbi ambalo jicho halilioni mpaka rangi ipakwe.

Vipande vikikubaliana na kiunzi huchomelewa, mshono hugongwa ukalainika, kisha hupigwa tupa mpaka usijulikane ulipokuwa. Hapa ndipo utamjua fundi. Fundi dhaifu hufunika makosa kwa pati, lile rojo linalokauka likawa gumu na kupigwa msasa. Ndiyo maana karakana zenye jina hupenda kumwonyesha mteja bodi ikiwa tupu, inang'aa, kabla ya tone la rangi.

Kuna swali ambalo kila mjenzi hukutana nalo na ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Magari ya asili yaligongwa kwa mkono na watu waliokuwa na haraka ya mbio, kwa hiyo upande wa kushoto mara nyingi haukulingana na wa kulia. Sasa wewe unayejenga nakala unalo gari la asili mbele yako, bawa moja liko juu kuliko jingine. Unaiga kosa au unalirekebisha? Wapo wanaosema kosa ni sehemu ya gari. Wengine husema yule fundi wa 1954 angekuwa na muda angelirekebisha mwenyewe. Mimi niko upande wa wanaoiga kosa, kwa sababu ukianza kurekebisha hujui utasimama wapi.

Bentley za miaka ya 1920 zilijengwa tofauti. Juu ya chesisi kulikuwa na fremu ya mbao za mti wa ash, mti wa Ulaya wenye mbao ngumu zinazopinda bila kuvunjika, na juu ya mbao kikavutwa kitambaa kilichopakwa dawa kikafanana na ngozi. Ilikuwa nyepesi na haikupiga kelele. Ufundi huo wa fremu za ash haujafa, na sifa kubwa iende kwa kampuni ya Morgan ya Malvern, ambayo imeendelea kuutumia kwenye magari yake mapya mpaka karne hii.

*Kwa ufupi hadi hapa: magari ya asili ni machache kwa sababu yalijengwa ili yashinde mbio kisha yaachwe, nakala ya ufundi hujengwa kwa zana na mbinu zile zile, na kinachoitofautisha na feki ni maelezo yanayoandamana nayo.*

Waliojenga nyuma ya nyumba

Usidhani kujenga gari kwa mkono ni jambo la matajiri peke yao. Mizizi yake iko kwa vijana wasio na kitu.

Austin Seven, gari dogo lililotengenezwa tangu 1922 hadi 1939, lilikuwa gari la familia ya kawaida ya Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalijaa kila mahali, chakavu na rahisi. Vijana waliyanunua, wakayavua bodi, wakajenga juu ya chesisi ile gari la mbio la mabati mepesi. Klabu iitwayo 750 Motor Club, iliyoanzishwa 1939, iliwapa mashindano ya kushiriki. Mmoja wa vijana hao alikuwa Colin Chapman, aliyejenga gari lake la kwanza kwa vipuri vya Austin Seven mwaka 1948 na baadaye akaanzisha Lotus. Bruce McLaren wa New Zealand, ambaye jina lake bado liko Formula One, alianza na Austin Seven ya aina ya Ulster.

Mwaka 1957 Chapman alitoa Lotus Seven, gari lisilo na milango wala anasa, na akaliuza likiwa vipande. Sababu ilikuwa kodi: gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havikutozwa, ilimradi visiambatane na maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus ikatoa maelekezo ya kulifungua gari, mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoingia 1973 faida hiyo ikaisha, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za Seven. Inalitengeneza mpaka sasa.

Kisha akaja Ron Champion, mwalimu wa shule ya Oundle. Mwaka 1996 kitabu chake kilimwahidi msomaji kwamba anaweza kujijengea gari la mbio la mtindo wa Seven kwa pauni 250. Unakata mabomba ya chuma ya mraba, unayachomelea yakawa fremu, unachukua injini, giaboksi na ekseli kutoka kwenye Ford Escort iliyokufa. Watu waliitikia kwa wingi, mpaka 750 Motor Club ikaanzisha mbio za magari hayo peke yao.

Escort hiyo hiyo tunaifahamu. Ni Escort iliyotayarishwa na Ford kule Boreham, Essex, iliyompa Hannu Mikkola ushindi wa Safari Rally mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mbio zile, na ikamshindia Björn Waldegård mwaka 1977. Leo Escort za umbo hilo zinajengwa upya kwa mkono, bati kwa bati, na nyingine hurudi Kenya kukimbia kwenye East African Safari Classic. Ukiona moja ikipita kwa vumbi, usiwe na haraka ya kuamini kwamba bati lake lina umri wa rekodi zake.

Kiwanda kinapojinakili

Kwa miaka mingi viwanda vyenyewe havikujali. Waliokuwa wakijenga D-Type na C-Type mpya walikuwa karakana ndogo kama Lynx na Proteus. Injini haikuwa shida, kwa sababu injini ya XK iliyoshinda Le Mans ilifungwa pia kwenye saluni za Jaguar kwa zaidi ya miongo mitatu. Saluni yenye kutu ilitosha kutoa moyo wa nakala.

Bei za minada zilipopaa, viwanda vikaamka. Mwaka 2014 Jaguar ilitangaza kujenga E-Type sita nyepesi za mbio, ikisema mwaka 1963 ilitenga namba 18 za chesisi na ikatumia 12 tu. Mwaka 2016 zikafuata XKSS tisa, idadi ile ile iliyopotea kwa moto, kila moja zaidi ya pauni milioni moja. Mwaka 2018 ikaja zamu ya D-Type 25, kufikisha zile 100. Aston Martin nayo ilijenga DB4 GT 25 kwenye kiwanda chake cha zamani cha Newport Pagnell.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya Bentley. Mwaka 2019 ilitangaza Blower 12. Ilichukua moja ya Blower halisi za timu ya Birkin, ikalifungua lote, ikapima kila kipande kwa miale ya leza. Vipande 1,846 vilichorwa upya. Kisha ikabidi watafutwe watu wenye mikono ya kuvitengeneza. Chesisi ilikabidhiwa Israel Newton & Sons, kampuni ya miaka 200 hivi ambayo kazi yake ni kutengeneza boila za treni za mvuke, kwa sababu hao bado wanajua kupiga ribiti za moto. Ribiti hupashwa mpaka iwe nyekundu, huingizwa tunduni, hupigwa kichwa upande wa pili, na inapopoa hujikunyata na kuzibana bamba mbili kwa nguvu ambayo ribiti baridi haina. Springi zikaenda kwa wahunzi wa springi, radiata kwa mafundi wa radiata za kale, taa kwa wanaofufua taa. Karakana ambazo pengine zingefunga zilipata kazi, na vijana walipata mahali pa kujifunzia. Hilo peke yake lingetosha kwangu kuitetea nakala.

Lakini sikubaliani na kila kitu. Jaguar ilipozipa E-Type zake mpya namba za chesisi zilizoachwa wazi 1963, ilifunika pengo la nusu karne kwa orodha ya namba. Wafanyakazi wa 1963 hawakuzigusa gari zile. Mjenzi mdogo akifanya hivyo angeitwa mghushi, na sioni kwa nini jina kubwa liwe na sheria yake. Blower mpya zinajieleza vizuri zaidi: zinaitwa za mwendelezo na hazijifichi.

Bentley mbele ya jaji

Mwaka 1990 swali la sura hii lilifikishwa Mahakama Kuu ya Uingereza, mbele ya Jaji Otton. Gari lililobishaniwa ni Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda Le Mans 1929 na 1930. Mwenye gari alikuwa amekubaliana kuliuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Kampuni iliyokuwa inunue ikarudi nyuma. Ikasema gari hili silo.

Na ilikuwa na hoja. Timu ya mbio hubadilisha vipuri bila huruma: ekseli inatolewa, injini inahamishwa, bodi inatupwa. Baada ya Le Mans gari hili lilipelekwa Brooklands, uwanja wa zege wenye kuta zilizolala uliofunguliwa 1907, likashinda mbio za maili 500 mwaka 1931. Mwaka uliofuata, likiwa limefungwa injini ya lita 8, lilimtoka dereva Clive Dunfee juu ya ukuta wa uwanja na kumuua. Likajengwa tena, safari hii na bodi iliyofunikwa ya kutembelea barabarani. Miongo ikapita, likarudishwa umbo la mbio. Kila hatua, chuma kingine kiliondoka na kingine kikaingia.

Jaji alisikiliza wataalamu wakipita kipande kwa kipande. Akaona kwamba katika gari la 1929 hakuna kinachoweza kuthibitishwa kuwa kimebaki, isipokuwa vitu vidogo visivyojulikana umri. Katika gari la 1930 yawezekana vilibaki mhimili wa pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Vipande vya gari la 1932 vilikuwa vingi zaidi.

Mnunuzi angeshangilia hapo. Lakini jaji akaamua kwamba gari ni halali, ndilo Old Number One. Halikuwa la asili kwa maana ya chuma chake, alisema, bali historia yake haikukatika: hakuna siku ambayo gari lile lilikoma kuwepo, na hakuna gari jingine lililosimama kudai jina lile. Mnunuzi alishindwa.

Tafakari maana yake. Fundi makini akijenga leo Speed Six kufuata michoro ya 1929, kwa mti wa ash na ribiti za moto, gari lake linaweza kufanana na lililoshinda Le Mans kuliko lile lenyewe linavyofanana na nafsi yake ya zamani. Hata hivyo halitakuwa Old Number One kamwe. Lile la asili linamiliki historia. Nakala inaweza kumiliki umbo, mlio, na hata namna usukani unavyogoma kwenye kona. Anayenunua nakala ananunua hayo, na si haba: anapata kujua dereva wa 1930 alihisi nini mikononi saa ya kumi na nane ya mbio. Wizi unaanza pale anapouziwa historia juu yake.

Maswali ya kumuuliza mwenye gari

Ukikutana na gari la namna hii, kwenye maonyesho au kwenye tangazo la kuuza, uliza haya bila aibu:

1. Namba ya chesisi imetoka wapi? Hapa ndipo uongo mwingi hupandwa. Yapo magari yaliyovunjika vipande viwili, kila kipande kikazaa gari zima, na wenye magari wawili wakadai namba moja.
2. Nani aligonga bodi, na picha za kazi ziko wapi? Fundi anayejivunia kazi yake huwa nazo kwa wingi.
3. Injini ilitoka kwenye gari gani? Kusema imetoka kwenye saluni si aibu. Kukwepa swali ni aibu.
4. Kadi ya gari inasema limesajiliwa lini, na kwa jina gani?

Swali la nne lina uzito wake Uingereza. Gari lililojengwa na mtu binafsi hupita ukaguzi wa serikali, gari moja moja, kabla ya kuruhusiwa barabarani: breki, taa, mikanda, moshi, hata kingo kali za bodi hupimwa. Likiwa na vipuri ambavyo umri wake haujulikani, hupewa namba inayoanza na herufi Q. Kwenye mbio za kihistoria kuna hati nyingine, inayotolewa na FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari. Hati hiyo inathibitisha kwamba gari limejengwa kwa vipimo na teknolojia ya kipindi chake. Haithibitishi kwamba ni lile gari la kipindi hicho, na mashabiki wengi hawalijui hilo. Wauzaji wengine wanalijua vizuri sana na hunyamaza.

Wenye nakala wengi huichukia Q kwa sababu inashusha bei. Mimi ningeipokea kwa mikono miwili. Inamwambia kila anayepita nyuma ya gari kwamba hiki ni kitu kilichojengwa, na inaiacha kazi ya fundi ijieleze yenyewe. Na muuzaji akikunong'oneza kwamba hiyo Q yako "inashughulikika", funga mkoba wako uondoke.